Uti wa Mgongo wa Simba

Leo nataka kuzungumza na watu wa Simba. Watani wa Jangwani, Yanga, nao wakae wasikilize, maana nitawataja, na nitawataja kwa haki.

Pita kijiwe chochote chenye wekundu siku hizi, Kariakoo, Tandika, Kirumba kule Mwanza au Ujiji kule Kigoma, utakuta mazungumzo yanafuata njia ileile. Yanaanzia zamani, enzi za wababe. Yanashuka kwa wachezaji wa leo, nani anaipigania jezi na nani anasubiri mshahara. Mwisho yanamfikia kocha, na hapo ndipo sauti zinapanda, vikombe vinagongwa mezani, na mtu anasimama kama anayetaka kuondoka, kisha anakaa tena.

Hasira hizo nazielewa kwa sababu hata mimi ninazo. Kuanzia msimu wa 2021/22 hadi 2024/25 ubingwa wa Ligi Kuu ulikwenda Jangwani mara nne mfululizo. Kabla ya hapo ulikaa kwetu Msimbazi mara nne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao, tukakosa hata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na katikati ya msimu huo, Novemba 5, 2023, mtani alitufunga 5-1 kwenye Uwanja wa Mkapa, mbele ya watu wetu wenyewe. Siku ile niliona watu wazima wakishuka ngazi za jukwaa kabla ya filimbi ya mwisho, jezi wamezivua na kuzikunja kwapani, hawasemi na mtu.

Siku mbili baadaye kocha Robertinho aliondoka. Timu yake ilikuwa haijapoteza mchezo wa ligi msimu ule kabla ya siku hiyo. Ilikuwa imetoka kutwaa Ngao ya Jamii mbele ya Yanga hiyohiyo kwa mikwaju ya penalti, na miezi michache nyuma, Aprili, ilikuwa imeifunga Yanga 2-0 kwa mabao ya Inonga na Kibu Denis. Mchezo mmoja ukafuta vyote. Wengi wetu tulishangilia alivyoondoka.

Juzi nilikaa kwenye mjadala wa namna hiyo, kibarazani kwa muuza kahawa mmoja, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Palikuwa na mzee wa kofia ya kiua, mwanachama wa tangu enzi, kadi yake ameifunika nailoni na anaitoa mfukoni kila anapobishiwa. Palikuwa na kijana anayeuza vifaa vya simu. Na palikuwa na mama mmoja wa tawi lao la Temeke, ambaye hukosa harusi lakini hakosi mechi.

Mzee alianza na 1977. Julai 19, Simba 6, Yanga 0. Aliwahesabu wafungaji kwa vidole: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Akahamia 1979. Simba inafungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa Dar es Salaam, watu wanalala na njaa, kisha timu inakwenda Lusaka na kushinda 5-0.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana, "nyie mnashangilia kufika robo fainali. Sisi tumemfuata mtu kwao tukiwa na deni la mabao manne, tukarudi tumelipa na chenji imebaki."

"Mzee wangu, heshima yako ipo palepale," kijana akajibu, "lakini hiyo Mufulira mimi nitaiweka wapi? Wenzangu kazini ni Yanga. Jumatatu wananiuliza ubingwa wa msimu huu, hawaniulizi wa mwaka aliozaliwa baba yangu."

Yule mama akaingilia: "Nyote mnazunguka mbuyu. Tatizo kocha. Hafanyi mabadiliko mpaka dakika ya themanini, mtu amechoka anatembea uwanjani, yeye amesimama tu na chupa yake ya maji."

Sentensi ile ya mama nimeisikia ikisemwa kuhusu kocha Pablo Franco, kuhusu Robertinho, kuhusu Benchikha na kuhusu Fadlu Davids. Ndiyo iliyonirudisha nyumbani nikachukua karatasi, nikaandika misimu upande mmoja na makocha upande wa pili. Kilichojitokeza kwenye karatasi ile ndicho kilichonileta kwenye kipaza sauti leo.

Tuanze na miaka yetu minne ya raha. Msimu wa 2017/18 tulianza na Joseph Omog, Mkameruni. Desemba akaondoka, na Januari akaja Mfaransa Pierre Lechantre, akatwaa ubingwa. Msimu wa 2018/19 Patrick Aussems alianza na kumaliza. Msimu wa 2019/20 Aussems alianza, Novemba akaondolewa, Sven Vandenbroeck akamalizia kwa ubingwa. Msimu wa 2020/21 Sven alituvusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, Januari akaondoka kwenda Morocco, Didier Gomes akaja na kumaliza kazi. Kwa hiyo katika misimu minne ya ubingwa, mitatu tulibadilisha kocha katikati ya safari, na bado kombe likaja Msimbazi.

Sasa geukia Jangwani. Ni kweli Nasreddine Nabi alikaa kuanzia Aprili 2021 hadi katikati ya 2023, akachukua ubingwa mara mbili, mara ya kwanza bila kufungwa, na akafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Watu wetu hupenda kumtaja Nabi kama ushahidi kwamba kocha akiachwa atulie, makombe huja. Lakini msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na Miguel Gamondi, ikaenda na Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja. Ikatwaa ubingwa kwa pointi 82, sisi 78.

Basi kocha si kitu? La, kocha ni kitu kikubwa. Wapo waliotupandisha na wapo waliotushusha. Ninachosema ni kwamba yeye peke yake hatoshi kueleza kilichotupata. Timu zote mbili, kila moja kwa zamu yake, zimepokezana makocha na bado zikashinda. Lazima kuna kitu kingine kilichobaki mahali pake wakati mtu wa kwenye benchi anabadilika.

Angalia kikosi chetu cha miaka ile. Golini Aishi Manula. Kulia Shomari Kapombe, kushoto Mohamed Hussein, yule Tshabalala. Katikati ya ulinzi Pascal Wawa na Erasto Nyoni. Kiungo Jonas Mkude, na mbele yake Clatous Chama kuanzia 2018. Mbele kabisa John Bocco na Meddie Kagere. Omog, Lechantre, Aussems, Sven na Gomes walikuja na mifumo yao na lugha zao, lakini sehemu kubwa ya watu hawa walikuwa wakijuana. Tshabalala alijua Mkude atampa mpira wapi kabla Mkude hajainua kichwa. Kocha mpya alikuta timu inayojua kucheza, akapanga mbinu zake juu yake.

Ndicho ambacho watu wa mpira wanakiita uti wa mgongo. Kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji, mchezeshaji na mshambuliaji, watu watano au sita waliokaa pamoja misimu kadhaa. Yanga ya 2024/25 ilikuwa nao. Djigui Diarra na Khalid Aucho walikuja 2021, Dickson Job alitangulia miezi michache, Ibrahim Bacca akafuata 2022. Na Clement Mzize walimkuza wenyewe kutoka timu yao ya vijana. Siku ya mchezo wa kuamua ubingwa, Juni 25, 2025, Yanga ilitufunga 2-0, bao moja la Pacome Zouzoua kwa penalti na jingine la Mzize. Kijana wao wa nyumbani.

Na sisi uti wetu ulikwenda wapi? Agosti 2021 tuliwauza wawili kwa mkupuo: Luis Miquissone kwenda Al Ahly, Chama kwenda RS Berkane. Siwezi kumlaumu mtu kwa kumuuza Miquissone. Alikuwa ameifunga Al Ahly yenyewe kwa Mkapa mwezi Februari, bao la 1-0, na Al Ahly inapokuja na mfuko wake hakuna klabu ya ukanda huu inayoweza kuifungia mlango. Mchezaji naye ana maisha yake na familia yake. Lakini wawili hao ndio waliokuwa wakiifungua ngome ya mpinzani, na wakaondoka dirisha moja. Msimu uliofuata ubingwa ukahama. Gomes akaondoka Oktoba, akaja Pablo Franco, akaondoka Mei, akaja Zoran Maki ambaye hata majani hayakupukutika akawa ameshakwenda Misri, Juma Mgunda akashika usukani. Kila mmoja tulimjadili kana kwamba yeye ndiye aliyemuuza Chama.

Yaliyofuata yaliniuma zaidi, na hapa naomba msikilizaji uvumilie kidogo. Mwaka 2023 Jonas Mkude, mtoto wa Simba B, timu yetu ya vijana, aliachwa, akavaa jezi ya njano na kijani. Mwaka 2024 mkataba wa Chama, ambaye tulikuwa tumemrudisha Januari 2022, ulikwisha, naye akavuka kwenda Jangwani. Mwaka 2025 Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha wetu, aliyekuja kutoka Kagera Sugar 2014 na kukaa miaka 11, naye akavuka. Majira matatu ya usajili, moja baada ya jingine, na kila mara mtu wetu mmoja wa ndani kabisa anapigwa picha upande wa pili na skafu ya mtani shingoni.

Unaweza kuniambia Mkude alikuwa amechoka, Chama umri umekwenda, Tshabalala alitaka fedha zaidi. Huenda kila moja peke yake lina hoja. Nami sisemi mchezaji afungwe kamba, mpira ni kazi, na kazi ina mkataba. Lakini klabu inayofikia mwisho wa mkataba wa nahodha wake bila kujua atabaki au ataondoka haijapanga. Mkataba wa mchezaji kama Tshabalala unazungumzwa ukiwa umebakiza mwaka mzima na zaidi, na wakati huohuo beki wa kushoto wa miaka 19 awe anafanya mazoezi naye kila asubuhi, akimwangalia anavyopanda na anavyowahi kurudi.

Jambo hili halikuanza 2021. Nirudi Mei 19, 2018, siku ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa picha ya kombe. Rais Magufuli alikuja Uwanja wa Taifa kutukabidhi ubingwa, wa kwanza tangu 2012. Timu haikuwa imefungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Mpinzani Kagera Sugar. Uwanja mwekundu mpaka juu. Na Kagera wakatufunga 1-0. Bao lilifungwa na Edward Christopher. Dakika za mwisho tukapata penalti, akaenda Emmanuel Okwi, na kipa wa Kagera akaidaka. Kipa huyo alikuwa Juma Kaseja.

Tulifurahi na kombe letu, sawa, lakini waliotuharibia rekordi siku ile walikuwa watu wetu. Kaseja ndiye aliyetusimamia golini usiku wa Cairo 2003, tulipoitoa Zamalek. Edward Christopher alitoka kwenye kizazi cha Simba B cha 2012, kilichokuwa chini ya kocha Selemani Matola. Wanaokumbuka watakumbuka: mashindano ya BancABC Super8, klabu ikapeleka vijana wa timu B, na vijana wale wakarudi na kombe. Kizazi hichohicho ndicho cha Mkude, Ramadhani Singano tuliyemwita Messi, Said Ndemla, Ibrahim Ajib. Ulikuwa uti wa mgongo wa miaka kumi, umekuzwa nyumbani. Singano akaenda Azam 2015 baada ya mvutano wa mkataba uliofika hadi TFF. Ajib akaenda Yanga 2017. Christopher akazunguka mpaka Kagera Sugar. Wakati vijana hao wanatawanyika, kwenye benchi walipita Patrick Liewig, Kibadeni, Logarusic, Patrick Phiri, Goran Kopunovic, Dylan Kerr, Jackson Mayanja. Misimu mitano bila ubingwa. Na vijiweni, naapa, tulikuwa tunabishana kuhusu mabadiliko ya dakika ya themanini.

Phiri huyo alikuwa ametupa ubingwa wa 2009/10 bila kufungwa. Aliporudi 2014 hakuumaliza msimu. Ujuzi wa Phiri haukuwa umeyeyuka, ila hakuikuta tena timu ile.

Na zamani tunayoitamba? Nayo tuiseme kama ilivyokuwa. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Halafu ikachukua ubingwa wa nchi mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Kibadeni aliyekuwemo 1974 ndiye aliyefunga matatu 1977, na ndiye aliyekuwa kocha mwaka 1993 tulipofika fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Tulitoka nao 0-0 kwao, kisha tukafungwa 2-0 hapa nyumbani, Rais Mwinyi akiwa jukwaani. Mtu mmoja, kwenye nusu fainali kama mchezaji, na karibu miaka ishirini baadaye kwenye fainali kama mwalimu. Zamani yetu iliyofanikiwa ilijengwa na watu waliodumu, na hilo ndilo wazee wetu wanapaswa kuwahadithia vijana pamoja na yale mabao 6.

Kuna pia sehemu ya zamani ambayo mzee wa kofia hakuitaja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Simba ilichungulia shimo la kushuka daraja. Simba hii hii. Migogoro ya uongozi ilikuwa imeitafuna, timu ikawa inacheza kila wiki kwa roho mkononi. Kijana wa vifaa vya simu hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Nilipoitaja alimgeukia mzee, na mzee akakubali kwa kichwa, polepole, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Tulikuwa tunakwenda uwanjani kama tunakwenda msibani."

Ya Cairo 2003 nitaisimulia kidogo, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kocha wetu alikuwa James Siang'a, Mkenya, aliyekuwa kipa wa taifa lao kwenye fainali za Afrika za 1972. Mpinzani alikuwa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika. Hapa Dar es Salaam tulishinda 1-0, bao la Emmanuel Gabriel. Cairo wakaturudishia 1-0. Penalti. Kaseja, kijana mdogo, golini. Na penalti ya mwisho, ile ya kuingia makundi, akaipiga Christopher Alex. Kiungo mkabaji, mtu wa kazi, si mtu wa kuimbwa. Akafunga. Bingwa wa Afrika akatolewa kwake. Nahodha alikuwa Selemani Matola, huyohuyo aliyekuja kuwalea vijana wa 2012 na baadaye kuwa msaidizi wa makocha wengi waliopita Msimbazi.

Christopher Alex alifariki Dodoma mwaka 2013. Kila penalti ile inapotajwa nampa nafasi yake moyoni.

Timu ile ya 2003 haikuwa na fedha za kulinganishwa na za leo. Haikuwa na kambi ya Bunju. Wachezaji wake wengi walikuwa Watanzania, wakajumuika na wachache kutoka nchi jirani, na walikuwa wamecheza pamoja kiasi kwamba hata Cairo, na makelele yale, kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Kwenye makundi tukakutana na Enyimba, waliokuja kuwa mabingwa, na Ismaily, waliofika nao fainali. Hatukuwa wageni pale.

Sasa tumfikie Fadlu Davids, maana najua mnasubiri. Julai 2024 alipokea kikosi kilichobomolewa. Wapya zaidi ya kumi waliingia dirisha moja: Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Moussa Camara, Debora Fernandes, Joshua Mutale na wengine. Kwa kikosi kilichokutana Julai, alikwenda na Yanga bega kwa bega hadi siku ya mwisho, Ahoua akawa mfungaji bora kwa mabao 16, na timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho. RS Berkane walitufunga 2-0 kwao, na marudiano yakapigwa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa CAF haikuruhusu mchezo ule uchezwe kwa Mkapa. Tukatoka 1-1, Mutale akifunga, tukiwa pungufu baada ya kadi nyekundu ya Yusuf Kagoma. Nilitoka pale Amaan nimevunjika moyo, na bado niliamini kwamba hapa kuna timu inazaliwa.

Septemba 2025, baada ya kufungwa 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, Fadlu akaenda Raja Casablanca. Tshabalala alikuwa ameshavuka. Manula alikuwa amerudi Azam. Akaja Dimitar Pantev, na kabla mwaka haujaisha naye akawa ameondoka. Vijiwe vikaanza upya, kutoka mwanzo, na jina jipya.

Yule mama wa Temeke aliniuliza, na swali lake lilikuwa zuri: "Sasa baba, sisi mashabiki tufanye nini? Mikataba hatuioni. Usajili hatuitwi. Tunachokiona ni kocha na wachezaji, ndiyo maana tunawasema hao." Ni kweli. Aliyesaini karatasi haonekani kwenye televisheni Jumamosi. Kocha anaonekana, amesimama peke yake kwenye mstari, na hasira zote zinamwangukia.

Lakini mama, wewe ni mwanachama. Wanachama ndio waliopiga kura kukubali mfumo mpya, wa mwekezaji mwenye asilimia 49 na wanachama kubaki na 51. Hiyo 51 haikuwekwa kwa ajili ya kupamba katiba. Mkutano mkuu unapoitwa, watu wetu wanasafiri kutoka mikoani, wanalala kwenye mabasi, wanafika, wanashangilia hotuba, wanamzomea msemaji mmoja na kumbeba mwingine, wanarudi. Mara chache sana nimesikia mwanachama akisimama kuuliza habari za mikataba na vijana. Tunauliza kocha ataondoka lini.

Mimi ningependa maswali mengine. Wachezaji sita wa uti wa mgongo wetu ni akina nani, na mkataba wa kila mmoja unaisha mwaka gani? Ni nani anayeamua usajili, na akija kocha mwingine kesho mtu huyo anabaki? Simba B ina vijana wangapi waliocheza dakika za kweli kwenye timu kubwa msimu uliopita, sio waliokaa benchi ili wapigwe picha? Mshahara wa beki wa nyumbani aliyekaa miaka minane ukilinganishwa na wa mgeni aliyefika jana ukoje, na kama tofauti ni kubwa, sababu ni ipi? Uongozi unaweza kuyajibu haya bila kutoa siri za klabu. Na kama hauwezi kulijibu la kwanza, basi hata akiletwa kocha bora Afrika nzima, atajenga kwenye mchanga ambao wengine wameshauchimba.

Na kwa kijana wangu wa vifaa vya simu, nina ombi. Ukurasani mwako uliandika "aondoke" kwa makocha watatu tofauti, ulinionyesha mwenyewe. Safari hii fuatilia beki mmoja kijana wa Simba B. Jua jina lake, jua anacheza wapi, jua amepewa mkataba wa muda gani. Akipandishwa, mwimbe jukwaani kama unavyomwimba mgeni aliyefunga bao moja. Akikosea mechi yake ya kwanza, na atakosea, usimzomee. Tumewazomea wengi wa nyumbani, Mkude akiwemo, wakati wageni tukiwapa miezi sita wazoee hali ya hewa.

Katika kikosi kilichoanza msimu wa 2025/26 alikuwemo Shomari Kapombe, beki wa kulia, mtu wa tangu ubingwa wa 2018. Kwenye mkutano ujao mwanachama mmoja asimame, ashike kipaza sauti, awaulize viongozi: nani anamrithi Kapombe, ana miaka mingapi, na mkataba wake unaisha lini?